Likizo Tanga na watoto ukiwa mzazi peke yako

Jamani shule zinakaribia kufungwa na nimeshaulizwa na watu watatu, wote wanalea wenyewe, mmoja wao ni baba, kwamba naendaje Tanga na watoto wawili bila msaidizi na narudi salama. Nimeona niandike yote kwa kirefu manake kwenye simu kuna vitu nasahau. Mi ni mzaliwa wa Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini, kazi ndo ilinileta Dar, nina binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume ana minne, na safari hii tumeshaifanya mara tano, ya kwanza huyu mdogo alikuwa bado ananyonya.

Kabla ya yote kuna kitu kilinichukua safari mbili nzima kukielewa. Mkiwa wawili, mmoja anakata tiketi mwingine kashika watoto, mmoja anaenda chooni mwingine anabaki na mabegi. Ukiwa peke yako vyote hivyo vinafanywa na mikono miwili ile ile na macho mawili yale yale. Kwahiyo mi sipangi likizo kwa kuhesabu sehemu za kutembelea, napanga kwa kujiuliza swali moja tu: hapa nikibanwa na choo, watoto wanabaki na nani? Nikiwa na jibu tunaenda. Sina jibu, natafuta namna nyingine au tunaacha, na sijawahi kujuta kuacha. Karibu kila kitu ninachokwambia hapa chini kinatoka kwenye hilo swali.

Tuanze na hela. Mi nina kibubu, kile cha mbao cha tundu juu kisicho na mlango, ukitaka hela ukivunje. Naanza Januari mosi, elfu mbili kila siku, mpaka Mei inaisha ni siku 151, laki tatu na elfu mbili. Siku nyingine nakosa kabisa, siku nyingine naweka elfu tano kufidia, na binti ndo mwenye daftari la hesabu, anaandika tarehe na kiasi kwa mwandiko wake na nikiruka siku tatu ananiuliza. Hiyo laki tatu haimalizi kila kitu ila ndo inabeba nauli na malazi, chakula kinatoka kwenye mshahara kama ambavyo kingetoka nyumbani. Alafu siku ya kuondoka hela naigawa: nyingine kwenye simu, nyingine kwenye pochi, na kidogo nimeishonea ndani ya begi la mkubwa na yeye anajua ilipo. Usicheke hilo la kushonea, nitakwambia mbele kwanini.

Kuhusu wakati wa kwenda, mi nashauri Juni. Masika imeshakwisha, upepo ni wa kusi, jua halichomi sana na usiku watoto wanalala vizuri, ubaya wake bahari inachafuka chafuka kidogo. Desemba Tanga ina joto, mvua za vuli zinaweza kukukuta, na zaidi ya yote kuanzia katikati ya mwezi mpaka Krismasi barabara ya Chalinze kwenda Segera ndo hiyo hiyo wanayopita watu wa Kilimanjaro na Arusha kwenda kwao, siti zinakuwa za kugombania na kugombania siti ukiwa na mtoto mgongoni sikuombei. Ukiangukia Ramadhani jua kwamba Tanga ni mji wa pwani, mchana migahawa mingi imefungwa, kwahiyo uwe na mkate na matunda na maziwa chumbani, na watoto wale ndani, sio barabarani mbele za watu waliofunga. Lakini jioni ya Ramadhani Tanga, baada ya futari, mwenye watoto atafurahi mno.

Basi sasa. Kutoka Dar ni kama kilomita 350, unaanzia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Kibaha, Chalinze, unakata kulia kuelekea Wami na Mkata, Segera unakata kulia tena, Hale, Muheza, unashuka Kange. Masaa sita mpaka saba. Chukua la asubuhi ili ufike jua lipo, kufika mji wowote usiku na watoto waliochoka ndo mwanzo wa kukubali bajaji yoyote na gesti yoyote. Tiketi kata siku mbili kabla, na hapa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: uliza basi lina siti ngapi kwa mstari. Yale ya mbili kwa mbili yanaonekana mazuri lakini nyie mko watatu, mmoja lazima atakaa ng'ambo ya njia na mtu msiyemjua. Ukipata lenye upande wa siti tatu, chukua hizo tatu zote, mdogo dirishani, mkubwa katikati, we pembeni njiani, hapo hakuna mtu anayemfikia mtoto bila kukupita wewe. Kama hakuna, bora umpakate mdogo ila mkae siti mbili za pamoja. Na kama unaweza kuchagua upande, chagua kushoto, upande wa mlango, manake ukishavuka Chalinze unapanda kaskazini na jua la asubuhi linapiga kulia mpaka mchana.

Begi liwe moja. Moja la mgongoni, na kila mtoto na kake kadogo cha nguo zake mbili tatu na maji. Ukiburuta begi la matairi mkono mmoja umekwisha, na mdogo anahitaji huo mkono. Nguo za siku nne zinafuliwa, sabuni ipo kila duka. Kitu nisichokiacha ni kanga doti moja. Upande mmoja unakuwa shuka kwenye basi, taulo ufukweni, kivuli, na mtoto akitaka kubadilisha nguo unamzungushia basi ni chumba. Upande wa pili ni wa kwako, kwenye mitaa ya Tanga ukitoka baharini unajifunga na unapita kwa heshima bila kuulizwa. Dawa: panado ya maji, pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, kipima joto, plasta, na kadi za bima kama mnazo. Vyeti vya kuzaliwa beba nakala, na picha zake ziwe kwenye simu.

Namba yangu ya simu mkubwa anaijua kwa kichwa, mdogo tumemtungia kiwimbo na anaiimba mpaka inachosha, na bado siku ya safari naiandika kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono wake. Inakaa kama siku nzima asipooga.

Sasa yaliyonikuta. Safari ya pili, basi lilisimama njiani watu wachimbe dawa, konda akasema dakika kumi. Mdogo kabanwa, mi nikaona nimuache binti kwenye siti alinde mabegi, wakati huo ana miaka saba, nikashuka na mdogo. Choo foleni. Natoka nje naliona basi linaondoka taratibu kurudi barabarani, hawajahesabu mtu, na mwanangu yumo ndani peke yake. Nilikimbia na mtoto mkononi, kandambili moja ilibaki palepale. Kilichotuokoa ni binti kusimama juu ya siti akapiga kelele "mama yangu, mama yangu hajapanda" na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akagonga bodi mpaka dereva akasimama. Mpaka leo nikiandika hivi mikono inakuwa ya baridi. Tangu siku hiyo kwetu ni sheria: tunashuka wote tunapanda wote, mabegi yakiibiwa yaibiwe. Nikipanda tu namsalimia jirani, mara nyingi mama mtu mzima, namwambia shikamoo mama, mi niko mwenyewe na hawa, tukishuka usikubali waondoke. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Namba ya gari naipiga picha, na konda namuomba namba yake ya simu mapema, sio wakati mambo yameshaharibika.

Muheza mtazingirwa na machungwa dirishani. Nunua, ila hela ndogo ndogo uwe nazo mkononi tayari, usifungue pochi pale.

Malazi ndo sehemu ngumu kuliko zote, na sio kwa sababu ya bei. Mi nina shangazi, nina mjomba, nina wifi, Tanga nzima ni ndugu, na safari ya kwanza tulifikia kwa ndugu kama inavyotakiwa. Siku tano. Niliamka alfajiri kuchota maji, nikafua, nikapika, manake huwezi kukaa kama mgeni kwenye nyumba ya mtu mzima, na kila jioni akija mtu barazani lilikuwa swali lile lile, "na baba yao je?", watoto wakisikia. Nilirudi Dar nimechoka kuliko nilivyoondoka. Siwalaumu, ndo mapenzi yao. Lakini likizo ni yako pia mzazi, watu tunasahau, mwaka mzima we ndo mama, ndo baba, ndo dereva, ndo mwalimu wa hesabu, hizo siku nne ukizimalizia jikoni kwa mwingine hujapumzika. Saivi tunalala gesti na tunakwenda kula kwa ndugu. Ila ujue kulisema. Usifike kimyakimya wakasikia kwa watu, hapo watakasirika kweli. Mi nampigia shangazi wiki moja kabla, "Shikamoo shangazi, tunakuja wajukuu wako wakuone, tutalala huku karibu na bahari hawa wanataka kuogelea, ila Jumapili ni yako, tunashinda kwako na mi ndo nitakuna nazi." Anaguna, anakubali, na Jumapili tunapakuliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka na mkate wa kumimina wa kuondoka nao.

Kutafuta gesti, piga simu uulize haya na usione haya. Choo na bafu ni cha ndani ya chumba au nje? Kwa aliye peke yake cha nje hakifai kabisa, ukienda kuoga watoto wanabaki nyuma ya mlango usiouona. Kitanda ni tano kwa sita au sita kwa sita? Chandarua kipo na hakina matundu? Kuna baa hapo hapo? Baa maana yake muziki mpaka saa nane na watu waliolewa kwenye korido anayopita mwanao. Kuna kisima au bwawa wazi uani? Watoto wanalipiwa? Chai ya asubuhi ni ya mmoja au ya wote? Ukifika kagua kwanza alafu ndo ulipe, na lipa usiku mmoja, ukiridhika endelea. Kwenye kitabu cha wageni watakuuliza mengi, jaza yanayoulizwa kitabuni, na mhudumu akiongeza la kwake kwamba mzee anakuja lini, jibu langu ni "tuko watatu" basi. Na usitangaze kwa bajaji na kwa mhudumu kwamba uko peke yako na hakuna mtu mjini anayekujua. Hata kama huna ndugu Tanga, awepo mtu mzima mmoja, wa kazini, wa kanisani, wa msikitini, anayejua umelala wapi na unamtumia ujumbe kila jioni.

Tanga ina ule msemo wake, waja leo waondoka leo. Mwenye watoto asiufuate, kaa siku nne, na kila siku jambo moja tu kubwa, asubuhi. Mchana wanalala na wewe unalala. Jioni kutembea na kula.

Siku ya kwanza peleka baharini, la sivyo hawatakusikiliza mambo mengine. Raskazone ndo karibu na mjini, bajaji tu, na chagua sehemu za kulipia kiingilio zenye choo na bafu na walinzi. Lakini kabla ya kwenda jua maji yanajaa saa ngapi, hili wageni wa bara hawalijui na wanafika wanakuta matope na mawe na bahari iko kule mbali. Maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndo unaandama kunakuwa na bamvua, yanajaa sana na kukupwa sana, na siku hizo kwetu asubuhi saa nne saa tano bahari imekauka na inajaa jioni saa kumi, kumi na moja. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Huna haja ya kupiga hesabu, nenda Deep Sea wanakouza samaki au muulize mvuvi yeyote "kesho maji yanajaa saa ngapi", atakujibu bila kufikiri. Mi tunaingia maji yanapojaa, yamefika nusu. Yakishaanza kuvuta kurudi nje tunatoka, mkubwa ananuna, tunatoka hivyo hivyo.

Ukiwa macho mawili watoto wawili, huwezi kuwa nao kwenye vina viwili tofauti. Mdogo hakai mbali zaidi ya urefu wa mkono wangu na mkubwa haendi zaidi ya kiuno chake, na kama anataka zaidi ya hapo anasubiri mdogo alale. Simu inakaa kwenye begi. Kabisa. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhani, anazama kimya na ni dakika chache tu. Tairi na maboya ya kupuliza ni vya kuchezea, visikupe moyo wa kugeuka. Na nguo ya kuogelea usimnunulie ya bluu, nunua ya rangi ya chungwa au njano kali, ndani ya maji bluu inapotea. Viatu vya mpira wavae, kwenye mawe kuna wale viumbe wadogo wa baharini wa miiba myeusi, ukikanyaga likizo imeisha.

Siku ya pili mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini njia ya Horohoro, mpakani na Kenya. Miamba yake ni ya chokaa, inakadiriwa kuwa na miaka milioni 150, yaani zama za wale madinosaria ambao wangu mdogo anawajua majina yote kutoka kwenye katuni. Mapango yapo mengi ila wageni mnatembezwa moja, na muongozaji, na bei ya Mtanzania ni ndogo. Ndani ni giza kweli na kuna popo na kuna sehemu mnainama mpaka mnatambaa. Kabla hamjaingia mwambie muongozaji uko mwenyewe, mkubwa atembee naye mbele, we na mdogo nyuma, na mwende kwa mwendo wa mdogo. Viatu vya kufunga, tochi ya kwenu wenyewe muwe nayo hata kama yeye anayo. Wiki moja kabla sisi huwa tunafanya mazoezi, tunazima taa tunaingia chini ya kitanda na tochi, mdogo ndo muongozaji, na mwaka jana alipofika kwenye giza la kweli alinishika vidole akasema "mama usiogope ni kama chini ya kitanda". Muombe muongozaji awasimulie habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950 wakati Waingereza wanamsaka, wakubwa kidogo wanalipenda sana hilo. Na mkiona sehemu watu wameweka vitu vya tambiko, watoto wasiguse.

Kutoka mapangoni, maji moto ya Galanos hayako mbali, yananuka kiberiti, mdogo alikataa kukaribia. Dakika kumi zinatosha.

Siku ya tatu, kama una nguvu, barabara ya Pangani. Kama kilomita 20 kusini mwa mji kuna Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo za mawe, Vasco da Gama alipita hapo 1498. Wengine watakwambia watoto watachoka na magofu, na ni kweli ukiwapeleka kutazama kuta tu. Mi nawapa kazi, tafuteni kwenye nguzo matundu yalipokuwa yamepachikwa mabakuli ya Kichina, wanahangaika nusu saa nzima na mi nimekaa chini ya mti natazama bahari. Njia hiyo hiyo ndo upande wa Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert 1909, binti ameshamsoma shuleni, akaniuliza kama na yeye alikuwa anaogelea bamvua.

Pangani mjini mnaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Ila pale mto unapoingia baharini msiwaogeshe watoto, mkondo una nguvu. Na kisiwa cha Maziwe mi sijawapeleka bado. Ni kizuri mno, mchanga mweupe katikati ya bahari, lakini ni boti, hakuna mti wala kivuli, na mdogo akitapika njiani na mkubwa akaogopa niko mmoja. Tutaenda huyu mdogo akifika saba na ajue kuogelea, na jaketi za kuokolea ziwepo za saizi ya watoto, sio za watu wazima za kufunga kwa kamba.

Siku ya nne hatufanyi kitu. Tunaamka tunapita Makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani la Wajerumani, picha za Tanga ya mkonge na reli, alafu bustani ya Jamhuri wanakimbia na mi nakunywa kahawa. Baiskeli Tanga ni nyingi na hazilii, yaani hazina mlio, mkivuka mshikane mikono hata kama hakuna gari. Jioni bajia na kachori na mihogo, kila kitu kiwe kimetoka kwenye mafuta sasa hivi, kilichopoa tunaacha.

Kuna jambo lingine hakuna anayekuandaa nalo. Raskazone, mwaka jana, palikuwa na baba anamrusha mwanae juu anamdaka kwenye maji, anamrusha anamdaka. Mdogo wangu alisimama akatazama muda mrefu mpaka maji yakamfika magotini hajasogea. Akaniuliza, "Mama, sisi baba yetu anajua kuogelea?" Nikamwambia ndio anajua, haishi na sisi, leo niko mimi, njoo nikurushe. Nikamrusha mara kumi na mbili, alihesabu mwenyewe. Usikimbie hilo swali na usilijibu kwa hasira ya kwako, na usimseme vibaya baba yake wala mama yake mbele ya bahari, mtoto atakumbuka maneno hayo kila akiona maji. Kama mzazi mwenzio yupo na mnaongea, mjulishe kwa ujumbe mnaenda wapi na mnarudi lini, na mkubaliane saa moja ya jioni ya kupiga simu. Inaondoa ugomvi mwingi, na watoto wanapata wa kumsimulia. Kama hayupo au amefariki, chagua mtu mwingine wa kumsimulia, bibi, mjomba, ila awepo.

Sasa ile hela ya kushonea. Safari ya nne, usiku wa tatu, nilishikwa na homa kali, natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Binti aliamka. Tulishaongea nyumbani, tukalifanyia na mazoezi, mama akiumwa unafanya nini: washa taa, fungua simu, mpigie bibi shangazi, usifungue mlango mpaka usikie sauti yake. Akafanya vyote, saa nane usiku, alafu akatatua ule mshono akatoa hela ya bajaji, shangazi akaja na kijana wake, wakanipeleka hospitali. Ilikuwa malaria. Mkubwa akiwa na miaka saba nane anaweza kufundishwa haya bila kumtisha. Mfundishe pia 112 ya polisi na 116 ile ya kusaidia watoto, ya bure. Na nywila ya simu yako aijue, angalau kwa hizo siku.

Kwa akina baba, mengi ni haya haya lakini kuna yenu. Ukiwa na binti mdogo, choo cha wanaume cha stendi usimpeleke, mtafute mama anayehudumia choo cha wanawake, msalimie, mueleze, msubirie mlangoni mkiongea naye kwa sauti akiwa ndani. Gesti wanaweza kukutazama vibaya, baba mmoja na mtoto wa kike chumba kimoja, usikasirike, toa nakala ya cheti cha kuzaliwa na muite mtoto akuite baba mbele yao. Afadhali mhudumu anayeuliza kuliko asiyejali. Na kusuka: asukwe twende kilioni ya kubana kabla ya safari, nywele zikiachwa wazi maji ya chumvi yatamalizana nazo.

Mkitamani kuunganisha mpaka Mombasa kupitia Horohoro, kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na beba barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, au cheti cha kifo kama ndo hivyo. Uliza uhamiaji kabla, usiende kubahatisha mpakani.

Siku ya kurudi iwe Alhamisi au Ijumaa ili mpate siku mbili tatu za kufua na kulala kabla ya shule. Watoto watalala njia nzima, na Mbezi mtashuka jioni mmoja mgongoni mwingine anaburuzika. Kwahiyo kabla hujaondoka Dar chemsha maharage uyagandishe, acha mchele, acha kiberiti unapokijua, na nunua umeme wa LUKU wa kutosha. Mwaka wa kwanza tulifika saa mbili usiku, nafungua mlango nyumba giza, umeme umekwisha, simu haina chaji ya kununulia. Tuliwasha mshumaa tukala machungwa ya Muheza sakafuni, tukalala hivyo hivyo na mchanga miguuni.